Picha ya 51 na Haki ya Jina

Michezo ya kuigiza inayosimulia maisha ya wanasayansi si mingi, na ile inayosimulia maisha ya wanasayansi wanawake ni haba zaidi. Sababu haiko mbali. Kazi ya mwanasayansi aghalabu ni ya kimya: hupima, huandika, kisha hupima tena. Jukwaa lapenda upanga, machozi na fitina; halijui la kufanya na mtu aliyeinamia chombo usiku kucha. Kwa hiyo mtunzi anayethubutu kumpandisha mwanasayansi jukwaani yampasa kuchagua: ama aonyeshe kazi yenyewe, hadhira isinzie, ama aonyeshe ugomvi ulioizunguka kazi hiyo, na kazi yenyewe isahauliwe. Tamthiliya ya Photograph 51, yaani Picha ya 51, iliyotungwa na Mmarekani Anna Ziegler na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, imejaribu kupita katikati ya njia hizo mbili. Katika makala haya twataka kuitazama fani na maudhui yake, na kueleza kwa nini twaona kuwa imefaulu mahali pagumu na kuteleza mahali palipokuwa rahisi.

Tuliiona London mwaka 2015, katika ukumbi wa Noël Coward, tulipokuwa huko kwa mafunzo ya miezi mitatu ya utunzaji wa kumbukumbu za serikali. Walioandaa matembezi hayo ni wenzetu tuliosoma nao sekondari miaka ya 1980, ambao maisha yamewapeleka Uingereza: muuguzi, dereva wa basi, wahasibu wawili, mwalimu na wengineo, jumla yetu tukiwa watu 11. Walikuwa na desturi ya kukutana mara moja kwa mwaka, na mkutano wao ulikuwa wa pilau na mabishano. Mwaka ule dada mmoja kati yao, fundi sanifu wa maabara ya hospitali, alishikilia kwamba pilau ingoje, kwanza twende thieta. Tulichangishana fedha, tukapata viti vya juu kabisa, mahali ambapo mtazamaji huona utosi wa mwigizaji kabla ya uso wake. Baadhi walikuwa wamefunga kashata na visheti mikobani wakitazamia mapumziko. Mchezo ulikwenda kwa zaidi ya saa moja na nusu bila pazia kushuka, na kashata zikatoka ukumbini kama zilivyoingia.

Kwa manufaa ya wanafunzi wasiozijua habari za Rosalind Franklin, yafaa tuzieleze kwa ufupi. Alizaliwa London tarehe 25 Julai 1920. Alisoma katika chuo cha Newnham, Cambridge, wakati ambapo chuo kikuu hicho kiliwafundisha wanawake na kuwatahini, lakini kikawanyima digrii kamili. Jambo hilo halikurekebishwa mpaka mwaka 1948. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alichunguza makaa ya mawe, na mwaka 1945 akapata shahada ya udaktari. Kuanzia mwaka 1947 alikuwa Paris, ambako alibobea katika ufundi wa kupitisha miale ya eksirei ndani ya vitu ili kutambua mpangilio wa chembe zake. Januari 1951 alianza kazi King's College, London, akakabidhiwa uchunguzi wa DNA, ile kemikali ibebayo urithi wa viumbe. Hapo ndipo mchezo unapoanzia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Uzi wa DNA, mwembamba kuliko unywele, hutegwa mbele ya miale ya eksirei. Miale hutawanyika na kuacha madoa kwenye filamu, na kutokana na mpangilio wa madoa hayo mchunguzi hukokotoa umbo la kitu asichoweza kukiona kwa macho. Franklin alitambua kwamba uzi huo una hali mbili, ya ukavu na ya unyevu, na kwamba picha zilizotangulia zilichanganya hali zote mbili, ndiyo maana zilikuwa na ukungu. Akazitenga kwa kudhibiti unyevu wa hewa inayozunguka uzi. Mwezi Mei 1952, mwanafunzi wake Raymond Gosling akifanya kazi chini ya uangalizi wake, ilipatikana picha ya hali ya unyevu iliyo safi kuliko zote, baada ya filamu kukaa mbele ya miale kwa zaidi ya saa 60. Madoa yake yalijipanga mfano wa herufi X. Hiyo ndiyo Picha ya 51.

Mwishoni mwa Januari 1953 Maurice Wilkins, mwenzake kazini ambaye hawakupatana tangu mwanzo, alimwonyesha picha hiyo James Watson wa Cambridge bila Franklin kujua. Mwezi uliofuata ripoti yenye vipimo vya Franklin ikafika mikononi mwa Francis Crick, mshirika wa Watson, kupitia kwa Max Perutz. Tarehe 25 Aprili 1953 jarida la Nature lilichapisha makala matatu kwa mfululizo: ya kwanza ya Watson na Crick, yaliyoeleza umbo la DNA kuwa mfano wa ngazi ya kamba iliyosokotwa, ya pili ya Wilkins na wenzake, ya tatu ya Franklin na Gosling, yaliyosomeka kana kwamba yameandikwa ili kuyaunga mkono ya kwanza. Franklin alifariki kwa saratani ya ovari tarehe 16 Aprili 1958, akiwa na umri wa miaka 37. Mwaka 1962 Watson, Crick na Wilkins walitunukiwa Tuzo ya Nobel, tuzo ambayo haitolewi kwa marehemu.

Tukigeukia fani, wahusika ni sita, mwanamke mmoja na wanaume watano, na kazi ya kusimulia wamepewa wanaume. Wao huja mbele ya hadhira, wakakumbuka, wakasahihishana, mmoja akadai lau mambo yangalikwenda vingine, mwingine akamkatiza. Rosalind yumo ndani ya kisa kinachosimuliwa, hali wao wamo ndani ya kisa na nje yake. Wapo kati yetu waliochukizwa na mpango huo. Mhasibu mmoja aliuliza, tulipokuwa tukishuka ngazi, kwa nini mchezo unaomsifu mwanamke huyo umempa mdomo mfupi kuliko wanaume wote.

Sisi twaona kwamba hiyo ndiyo hekima kubwa ya mchezo huu. Kwa miaka mingi ulimwengu ulimjua Franklin kwa ulimi wa Watson, aliyechapisha kitabu cha The Double Helix mwaka 1968, miaka 10 baada ya mwanamke huyo kufariki. Humo alimwita “Rosy”, jina ambalo hakulitumia mwenyewe, akamchora kuwa mtu mkali asiyejali mavazi yake. Maneno ya kumpunguzia makosa aliyaweka mwishoni kabisa, mahali ambapo wasomaji wengi wamekwisha kufunga kitabu. Anne Sayre, aliyekuwa rafiki yake Franklin, alijibu kwa kitabu chake cha mwaka 1975. Lakini jibu halisafiri kwa kasi ya masimango. Basi Ziegler, kwa kuwapandisha jukwaani wanaume watano wasiokubaliana juu ya mambo waliyoyashuhudia wote, ameionyesha hadhira jinsi habari za mtu zinavyofumwa baada ya yeye kuondoka: aliyebaki hai ndiye mwenye kauli.

Msomaji wa Kiswahili atakumbuka hapa tamthiliya ya Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotoka mwaka 1982. Katika kijiji cha Patata wanawake wanahangaika kuisimamisha nguzo yao, na anayetusimulia mahangaiko hayo ni mwanamke, Bi Msimulizi. Pale mwanamke ana kauli lakini nguzo haisimami. Hapa nguzo imesimama, tena dunia nzima imejiegemeza juu yake, lakini kauli ni ya wengine. Mwalimu atakayeziweka tamthiliya hizi mbili mezani pamoja hatakosa mada ya mjadala kwa wiki nzima.

Kuhusu uigizaji hatutasema mengi, kwa kuwa kutoka tulipoketi tulihukumu kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Nicole Kidman, aliyekuwa Rosalind chini ya uongozaji wa Michael Grandage, alipata tuzo ya gazeti la Evening Standard mwaka ule kwa uigizaji huo, na twaamini aliistahili. Alimfanya mhusika wake mkavu wa maneno bila kumfanya mkavu wa moyo. Mandhari ya mawe yaliyoungua yalikumbusha kwamba London ya mwaka 1951 ilikuwa bado na makovu ya mabomu. Waliotusikitisha ni Watson na Crick, waliotungwa kwa kuchekesha mno. Hadhira ilicheka kila walipofungua vinywa, na mtu unayemcheka ni vigumu kumwogopa.

Kiini cha mchezo ni pale picha inapotoka mkono mmoja na kuingia mwingine. Tukio lenyewe ni fupi. Hakuna mlango unaovunjwa wala sanduku linalofunguliwa kwa nguvu. Mtu anamwonyesha mgeni kitu kilicho mezani, basi. Sisi ambao tumekula mkate wa masjala kwa zaidi ya miaka 20 tulishikwa na baridi, maana twajua kwamba karatasi nyingi zinazopotea hazipotei kwa wizi. Hupotea kwa ukarimu wa mtu asiye mwenyewe. Gosling alikuwa amekwisha kurudishwa chini ya Wilkins, na Franklin alikuwa akijiandaa kuhama. Picha ilimfikia Wilkins kwa njia ambayo afisa yeyote angeweza kuitetea. Perutz naye, alipoulizwa miaka mingi baadaye, alijitetea kwamba ile ripoti haikuwa ya siri. Hapana shaka alisema kweli. Lakini karatasi isiyo na muhuri wa siri si karatasi isiyo na mwenyewe. Katika utaratibu wa majalada tunaofundishwa, kila karatasi inapohama meza huandikwa imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani na siku gani, si kwa kuwa watu ni wezi, bali kwa kuwa watu wema husahau.

Hapa yatupasa kusema jambo lisilotupendeza. Yule dada aliyetuleta thieta ndiye aliyekuwa mshirika wetu wa meza moja katika maabara ya fizikia, kidato cha tatu. Lenzi zilikuwa chache, tukagawanywa wawili wawili, na zoezi lilikuwa la kutafuta umbali wa kitovu cha lenzi kwa mshumaa, karatasi nyeupe na rula. Yeye alisogeza mshumaa, akapima, akaona kipimo kimoja hakikubaliani na vingine, akarudia kutoka mwanzo hali darasa zima limekwisha kwenda kula. Sisi tulikuwa na mwandiko mzuri. Tulinakili vipimo vyake, tukachora jedwali kwa wino wa rangi mbili, tukaandika jina letu juu. Mwalimu aliisoma kazi yetu mbele ya darasa kuwa kazi ya mfano. Kazi yake yeye, yenye vipimo vile vile na madoa ya nta, ilirudi na alama ndogo na swali kwa wino mwekundu: “Umenakili kwa nani?” Hakujibu, nasi hatukujibu. Mwandiko ule ule ndio uliotupatia ajira.

Wilkins alipoitoa picha jukwaani, dada huyu alikuwa ameketi kiti cha pili kutoka kwetu. Hakugeuka kututazama. Tungalipenda ageuke.

Kituoni, tukila zile kashata kwa kusimama, tulianza kutafuta maneno. Alitukatiza akasema, “Kaka, lile la mshumaa nililisahau zamani.” Kisha, baada ya kitambo, akaongeza kwamba kipimo kilikuwa sentimita 14.8, nasi tukaandika 15.

Ni yeye pia aliyetufungua macho kuona kasoro kubwa ya tamthiliya hii, nasi twaieleza hapa kwa idhini yake. Mtunzi amemleta Don Caspar, mtaalamu kijana kutoka Marekani, ambaye urafiki wake na Rosalind unaelekea kwenye mapenzi. Isitoshe, amemfanya Wilkins mtu aliyempenda Rosalind bila kujua namna ya kusema. Mwisho wa mchezo unakaa juu ya tamthiliya ya Shakespeare, The Winter's Tale, ambayo wawili hao walikwenda kuitazama kila mmoja peke yake, na juu ya majuto ya mwanamume ambaye hakuwahi kumfuata mwanamke ndani ya ukumbi. Ni mwisho mzuri, na wengi walifuta machozi. Dada yetu hakufuta lolote. “Kwa nini,” aliuliza, “mwanamke mwenye kazi yake lazima apewe mwanamume aliyemkosa? Amenyang'anywa jina, na sisi tunaambiwa tumlilie aliyemnyang'anya kwa kuwa alikuwa mpweke.”

Tulimpinga kidogo, na bado twampinga kidogo. Huko kutajwa kwa Shakespeare si pambo tupu. Rosalind anawakumbuka waigizaji wa mchezo ule, anamkumbuka John Gielgud, lakini hakumbuki ni nani aliyemwigiza Hermione, yule malkia aliyedhulumiwa na kugeuzwa sanamu. Katika maonyesho halisi ya mwaka 1951 alikuwa Diana Wynyard. Mtunzi amemfanya mwanamke ambaye jina lake litasahauliwa asahau jina la mwanamke mwingine, na hilo ni jambo la kina. Lakini kwa lile la upweke wa Wilkins hatuna jibu. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, kitovu cha habari kilikuwa uimbaji wa Siti. Msomaji anafunga kitabu akifahamu mwanamke huyo alifanya nini. Mtazamaji wa Picha ya 51 aweza kutoka ukumbini akifahamu zaidi jinsi wanaume walivyojisikia.

Tena yapo yaliyoachwa. Mwezi Machi 1953 Franklin alihamia Birkbeck College, kwa J. D. Bernal, akaongoza uchunguzi wa umbo la virusi, hasa kile kinachougua mimea ya tumbaku, na mwishoni alianza kazi juu ya virusi vya polio. Ile miaka mitano ndiyo iliyokuwa ya matunda mengi na ya ushirikiano mwema. Aaron Klug, aliyefanya kazi naye huko, alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1982. Caspar mwenyewe alikuwa mshirika wake katika kazi hiyo ya virusi. Mchezo unavuta mambo ya miaka hiyo nyuma na kuyasogeza karibu na ile picha, hivyo mtazamaji hudhani kwamba maisha ya mwanamke huyu yaliishia siku aliyodhulumiwa. Dhuluma ilikuwa sehemu tu ya maisha yake.

Walimu wawe waangalifu pia wasimfanye Franklin kuwa mtu aliyekuwa na lulu mkononi asijue kuwa ni lulu. Masimulizi ya zamani yalipenda kusema hivyo: picha ilikuwa yake, akili ya kuisoma ilikuwa ya Watson. Mwaka 2023 Matthew Cobb na Nathaniel Comfort waliandika katika Nature, wakitumia barua na rasimu ya makala ya mwaka 1953 ambayo haikuchapishwa, kwamba Franklin alielewa vyema alichokuwa akikitafuta, na kwamba anastahili kuhesabiwa mshirika sawa kati ya watu wanne walioifumbua siri hiyo. Kwa maoni yao, ile ripoti ya vipimo ilikuwa na uzito mkubwa kuliko picha. Hata chumba cha kulia cha wanaume peke yao, ambacho mchezo unakitumia vizuri kuonyesha ubaguzi, kilikuwapo, ila kilikuwapo na kingine cha watu wote. Mtunzi wa tamthiliya ana ruhusa ya kuchagua. Mwalimu wa darasa hana ruhusa hiyo.

Je, mchezo huu wafaa shule zetu? Twasema wafaa, mradi idhini ya mwenye haki ipatikane na mfasiri awe mtu anayejua Kiswahili cha maabara na cha ushairi. Tatizo la kwanza litakuwa msamiati. Fuwele, miale, chembe, unyevu, urithi, haya tunayo. Kwa lile umbo lenyewe la DNA twapendekeza mfasiri asitafute neno la kutisha. Ngazi ya kamba iliyosokotwa huonekana machoni mara moja. Tatizo la pili ni mizaha ya Watson na Crick, ambayo ikifasiriwa kama ilivyo itawafanya wanafunzi wacheke kwa sauti kuliko tulivyocheka sisi. Ipunguzwe makali katika uigizaji. Mapambo hayahitajiki. Meza mbili, taa moja na ubao vyatosha, na viti visogezwe karibu ili hata wa nyuma waone uso wa Rosalind anapoitazama filamu. Na pale Wilkins anapoichukua picha mezani, mwanafunzi anayemwigiza aambiwe asiharakishe.